Nimefika jiji kubwa, mbona silifaidi?

Swali: "Nina miezi saba tangu nihamie jiji kubwa kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili. Kabla sijaja niliandika orodha ndefu ya mambo ya kuona na kufanya. Machache nimeyafanya, mengi bado, na kila mwisho wa wiki narudi chumbani hoi, pochi ikiwa nyepesi. Siku za kazi ni kwenda na kurudi tu: msongamano, kelele, lifti, kitanda. Nyumbani kila mtu ananiambia nina bahati, nami naona aibu kusema sifurahii. Nimesoma ushauri wa kufurahia vitu vidogo. Nikajaribu kutazama jua likizama kutoka dirishani, nikajiona naigiza. Je, hizi raha ndogondogo zipo kweli kwa mtu wa kawaida katika mji kama huu, au ni hadithi za watu wenye nafasi?"

Jibu: Zipo, dada. Ila ushauri mwingi unaotolewa kuzihusu huanzia katikati. Unakwambia uzifurahie kana kwamba kufurahi ni kazi ya mkono, ukiamua inafanyika. Furaha haiitiki amri. Ukisimama dirishani na kujiagiza ufurahi, nusu ya akili inatazama jua na nusu nyingine inakukagua wewe kama umeshafurahi, na huyo mkaguzi ndiye anayeharibu shughuli. Kwa hiyo usijione una moyo mgumu. Ulijiona unaigiza kwa sababu ulikuwa unaigiza kweli. Tuanze mwanzo, na kile ambacho mji umeufanyia umakini wako bila kukuomba ruhusa.

Mwaka 1903 mwanasosholojia wa Ujerumani Georg Simmel, mzaliwa wa Berlin, aliandika insha kuhusu maisha ya akili katika miji mikubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mkazi wa mji hupigwa na vichocheo vingi mno na vya haraka mno, nyuso, sauti, mwendo, biashara, mpaka neva zake zinakataa kuitikia. Hali hiyo ya kutoshtuka wala kuvutiwa na chochote aliiona kuwa kinga ya mtu wa mjini. Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram aliirudia hoja hiyo kwa namna yake: taarifa zinazoingia zinapozidi uwezo wetu wa kuzipokea, kila moja tunaipa muda mfupi zaidi, na zile zisizo za lazima tunazipita bila hata kuzisajili. Ndiyo maana unaweza kupita mbele ya mlango uleule kila asubuhi kwa miezi saba na usijue una rangi gani.

Waswahili tunasema macho hayana pazia. Ya mkazi wa jiji kubwa yanalo, na bila pazia hilo asingefika kazini akiwa na akili timamu. Shida ni kwamba pazia lenyewe halichagui. Linazuia honi, na pia linazuia mwanga wa asubuhi unaogonga vioo vya jengo la mbele. Linakulinda na mtu anayekugonga bega bila kuomba radhi, kisha linakunyima yule aliyekushikia mlango. Baada ya miezi michache unaanza kuamini kwamba mji huu hauna kitu kizuri ambacho hakiuzwi tiketi.

Kuna jambo la pili: akili yako huenda wapi pazia likishashuka. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha mwaka 2010 utafiti uliotumia programu ya simu. Watu wazima 2,250 waliulizwa, kwa nyakati za kubahatisha, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine, mbali na lile lililokuwa mkononi. Na ilipokuwa kwingine, kwa wastani watu walikuwa na furaha pungufu. Hata walipokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha zaidi ya wale waliokuwa wakiwaza walichokuwa wakikifanya. Kwa mtu mwenye orodha kama yako, matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja. Ukiwa ndani ya makumbusho huku kichwani unapanga usafiri wa kuwahi bustani iliyo upande wa pili wa mji kabla haijafungwa, umelipia makumbusho na hukuyaona.

Sasa, tufanye nini? Wapo wanaosema tuwe makini kila dakika ya siku. Sidhani kama waliwahi kusimama katika treni iliyojaa saa ya watu kutoka kazini. Pazia lina kazi yake, liache liifanye. Unachohitaji ni mahali pachache, unapopajua mapema, ambapo utalifungua kwa muda mfupi na kuliacha lijifunge tena. Chagua sehemu ambapo mwili wako tayari unasimama bila kutaka: kungoja lifti, kungoja taa ya kuvukia barabara, dakika ya kwanza baada ya kutoka mlangoni asubuhi, muda kati ya kuvua viatu na kuwasha taa. Hizi ni nafasi ambazo sasa hivi mkono huenda kwenye simu wenyewe. Sikwambii uitupe simu. Nakwambia sehemu mbili tu za aina hiyo kwa siku, simu ibaki mfukoni.

Na ukishasimama hapo, usitafute kufurahi. Tafuta kilichobadilika tangu jana. Huu ndio ushauri ninaoutoa mara nyingi zaidi kuliko mwingine wowote, na sababu yake ni ya kimwili kabisa: hisi zetu zimeundwa kuitikia tofauti. Kitu kilichobaki vilevile huacha kuonekana, kama usivyoihisi saa uliyoivaa mkononi. Ukiuliza ni nini kipya, unaupa umakini kazi ndogo unayoiweza. Nani amehamisha chungu cha maua kwenye kibaraza? Dirisha gani linawaka taa leo? Upepo unatoka upande gani? Barabara inanukaje baada ya mvua, na ilinukaje jana kabla haijanyesha? Raha ikija, inakuja kwa mlango wa pembeni, wakati yule mkaguzi wako yuko bize na kazi nyingine. Siku nyingine haiji. Hilo nalo si kosa, umepoteza nusu dakika tu.

Fred Bryant wa Chuo Kikuu cha Loyola Chicago ameitumia sehemu kubwa ya kazi yake, kwa muda mrefu pamoja na marehemu Joseph Veroff, kuchunguza namna watu wanavyoifaidi au wanavyoiua raha iliyo mikononi mwao. Kinachoiua kinajulikana vizuri: kuilinganisha na ile ambayo ingekuwa bora zaidi, kujiambia haitadumu, kujiambia huistahili, kuwaza kazi iliyobaki. Soma tena barua yako. Aibu yako ya kutofurahi wakati wengine wanakuona una bahati ni sehemu ya mzigo huo huo. Kila unapopata dakika nzuri unaipima kama inatosha kuihalalisha hiyo bahati. Hakuna dakika itakayofaulu mtihani huo.

Tuje kwenye orodha, maana naamini ndiyo inayokuchosha kuliko msongamano.

Mwaka 1991 Ed Diener na wenzake walitoa hoja ambayo bado ina uzito: furaha ya mtu kwa ujumla inahusiana zaidi na mara ngapi anajisikia vizuri kuliko na ukali wa hisia yenyewe anapoipata. Hisia kali ni chache, na mara nyingi zina gharama yake. Zinaweza pia kubadilisha kipimo unachopimia mengine. Philip Brickman na wenzake mwaka 1978 waliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu kubwa, wakawalinganisha na watu wasioshinda. Washindi walisema wanapata raha ndogo zaidi katika mambo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kusikia kichekesho. Utafiti huo ulikuwa mdogo, sitaujengea nyumba juu yake. Lakini unalingana na kile ninachokisikia kwa wageni wa miji mikubwa: wanaweka matumaini yote kwenye Jumamosi, kisha siku tano za kazi wanaziona kama kituo cha kungojea.

Kwa hiyo ivunje orodha. Mambo makubwa, yale ambayo ukiondoka bila kuyaona utajuta kweli, hayazidi matano au sita. Hayo yape tarehe kwenye kalenda sasa hivi, yametawanyika katika miezi iliyobaki. Suzanne Shu na Ayelet Gneezy walionyesha mwaka 2010 kwamba watu huahirisha hata mambo mazuri: waliopewa hati za zawadi zenye muda mrefu wa kutumika walizitumia wachache kuliko waliopewa muda mfupi, ingawa kabla ya hapo muda mrefu ndio uliowapa watu matumaini zaidi kwamba wangezitumia. Walikuta pia kwamba wakazi wa miji mikubwa hutembelea vivutio vya mji wao kidogo kuliko watalii waliopita kwa wiki chache. Jambo lisilo na tarehe halifanyiki. Linabaki kichwani likikudai.

Mengine yote kwenye orodha yafute. Nasema yafute, si uyaweke pembeni.

Badala yake, rudia. Najua linaonekana kama ushauri wa kizembe. Umevuka nchi nzima, pengine na bahari, kisha nikwambie ukae kwenye benchi lilelile? Ndiyo. Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha mwaka 2019 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukosea wanapotabiri jinsi marudio yatakavyowachosha. Waliorudia maonyesho ya makumbusho au filamu waliyokwisha kuiona walifurahi zaidi ya walivyotarajiwa, kwa sababu mara ya kwanza tunaondoka tukidhani tumeona yote wakati tumeona kiasi. Mji mkubwa ndio mahali ambapo kosa hili linatugharimu zaidi, kwa kuwa siku zote kuna kitu kipya cha kukimbilia. Chagua mtaa mmoja, njia moja ya kutembea, benchi moja, duka moja dogo, na uwe mtu wa pale. Siku ya kwanza utaona jengo. Baada ya wiki kadhaa utajua jua linafika wapi saa ngapi, mbwa gani anamburuta nani, na mzee gani hasomi gazeti bali analitumia kujikinga na wanaotaka kumsemesha.

Kuwa mtu wa pale kunaleta kitu kingine ambacho barua yako haikukitaja, nami nadhani ndicho unachokikosa zaidi: watu wanaokutambua. Sisemi marafiki wa karibu, hao huchukua muda. Nasema watu wa nusu. Milgram, yule yule niliyemtaja, mwaka 1972 aliandika juu ya wale tunaowaona kituoni kila siku kwa miaka bila kusalimiana, tukiwajua sura na tusiwajue majina. Mark Granovetter alikuwa ameonyesha mwaka 1973, akichunguza jinsi watu wanavyopata kazi, kwamba watu tunaofahamiana nao kwa mbali hutufungulia milango ambayo marafiki wa karibu hawawezi. Miaka 41 baadaye Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn, waliokuwa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, waligeuza swali: je, watu hawa wa mbali wanatufurahisha? Waliwaomba wateja wa mgahawa, wengine wanunue haraka bila maneno, wengine watabasamu, wamtazame mhudumu machoni na kusema naye kidogo. Waliosema naye walitoka wakijisikia vizuri zaidi, na wakijiona zaidi kuwa ni sehemu ya mahali pale.

Mwaka huohuo wa 2014, Nicholas Epley na Juliana Schroeder waliwaomba abiria wa treni za Chicago wafanye moja ya mambo matatu: wazungumze na mtu wasiyemjua, wakae kimya peke yao, au wasafiri kama kawaida. Waliozungumza ndio waliosema safari ilikuwa nzuri zaidi. Wengine walipoulizwa watabiri, walitabiri kinyume chake. Baadaye utafiti wa namna hiyo ulifanywa London, mji ambao abiria wake wanasifika kwa kunyamaza, na mwelekeo ukawa uleule.

Hapa niweke neno langu. Wewe ni mwanamke uliye mgeni katika mji mkubwa, na si kila mtu kwenye treni ni wa kusemeshwa. Tafiti hizi hazikufanywa saa tano usiku katika behewa lenye watu wawili. Anza na watu ambao kazi yao inawaweka hapo na wengine wanawaona: mlinzi wa jengo, muuza duka, msafishaji wa ofisini, dereva wa basi. Salamu, kisha kesho salamu na sentensi moja. Sentensi moja inatosha kwa wiki nzima. Ukiona umeanza kujibiwa kabla hujasalimu, ujue umeshapata kitu ambacho watalii hawakipati.

Nije kwenye usafiri na kelele, ambapo sitakudanganya. Kuna sehemu za maisha ya jiji ambazo hazina raha ndani yake, ndogo wala kubwa, na kuzitafutia raha ni kujichosha. Daniel Kahneman na wenzake mwaka 2004 walichapisha matokeo ya kuwauliza wanawake 909 wenye ajira wa Texas waieleze siku yao kipande kwa kipande. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa chini kabisa katika orodha ya vipande vya siku. Hujakosea kuichukia.

Unachoweza kufanya ni kupunguza madhara yake, na hapo kuna mambo mawili yenye msaada. La kwanza ni la Leif Nelson na Tom Meyvis, mwaka 2008. Waligundua kwamba jambo zuri likikatizwa katikati kisha likaendelea linapendeza zaidi, na jambo baya likikatizwa linaudhi zaidi, kwa sababu mapumziko yanavunja mazoea. Watu waliosikilizishwa mlio wa mashine ya kufagilia bila kukatizwa walikuwa wameshauzoea mwishoni. Waliopewa mapumziko walianza upya kuudhika. Walioketi kwenye mto wa kukanda mwili waliufurahia zaidi walipopewa nafasi ya kupumzika katikati. Sisi kwa kawaida tunafanya kinyume: tunakatiza adha kila tunapopata upenyo, na raha tunaimaliza kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo shughuli za kuudhi, foleni ya ofisi, bili, kufua, zipange pamoja uzimalize kwa mfululizo. Wimbo unaoupenda, sura nzuri ya kitabu, simu ya rafiki, vikate vipande. Acha kabla hujashiba.

La pili ni la David Glass na Jerome Singer, waliochunguza kelele za mjini na kuchapisha kazi yao mwaka 1972. Waligundua kwamba kinachomchosha mtu si ukubwa wa sauti peke yake. Kelele isiyotabirika na isiyo na namna ya kuizuia ndiyo iliyowaacha watu wakiwa na uvumilivu mdogo na makosa mengi zaidi hata baada ya kelele kwisha. Kisha baadhi yao wakapewa kitufe cha kuizima, wakaombwa wasikibonyeze ila ikibidi. Hawakukibonyeza, na bado walifanya vizuri zaidi. Kujua kwamba unaweza kulitosha. Basi weka vizibo vya masikio kwenye mkoba, hata kama hutavitumia. Jua kituo kimoja kabla ya chako ambapo unaweza kushuka na kumalizia kwa miguu siku ukizidiwa. Kama mwajiri wako anaruhusu kubadilisha saa ya kuingia hata kwa nusu saa, hiyo nusu saa ina thamani kuliko ushauri wote niliouandika hapa.

Kuhusu miti na bustani nitakwenda haraka, maana nadhani umeshasikia. Roger Ulrich mwaka 1984 alilinganisha kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Walioona miti dirishani waliruhusiwa mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko walioona ukuta wa matofali. Mwaka 2019 timu ya Mathew White ilichunguza karibu watu 20,000 wa Uingereza. Waliopata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili walieleza afya na hali nzuri zaidi, na haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za safari moja au zimegawanywa. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba bustani ndiyo sababu. Lakini mti ulio karibu na kituo chako unahesabika, na huhitaji kusafiri saa nzima kwenda kwenye mbuga iliyopigiwa picha na kila mtu.

Nikizungumzia picha: piga, wala usijilaumu. Kinacholeta shida ni nia ya kuwaonyesha watu. Alixandra Barasch, Gal Zauberman na Kristin Diehl walichapisha mwaka 2018 matokeo yanayoonyesha kwamba watu wanaopiga picha kwa ajili ya kuzisambaza hufurahia tukio kidogo kuliko wanaojipigia wenyewe, kwa kuwa wanaanza kuwaza wataonekanaje. Yule mkaguzi tena, safari hii amevaa sura ya watu wa nyumbani. Piga picha zisizo na maana kwa mtu mwingine yeyote: ufa wa ukuta unaofanana na ramani, viatu vya watu kwenye lifti. Hakuna atakayezitaka, kwa hiyo ni zako.

Na kama siku hiyo huna nguvu ya lolote, keti tu mahali watu wanapopita. William Whyte alitumia miaka ya 1970 akiwarekodi kwa kamera watu katika viwanja vya New York, akaona kwamba kinachowavuta watu kuliko chochote ni watu wengine, na kwamba hukaa pale penye mahali pa kukaa. Usitafute maelezo ya kina zaidi ya hayo. Kutazama watu bila kuwa na haja nao ni burudani ambayo kijiji hakiwezi kukupa, kwani kijijini ukimtazama mtu lazima umjibu.

Uliuliza kama hizi ni hadithi za watu wenye nafasi. Kwa sehemu, ndiyo, na ninawaelewa wanaokasirika. Mtu anayefanya kazi mbili na kupata usingizi wa saa tano tu kwa usiku hahitaji kuambiwa atazame mwanga kwenye vioo. Anahitaji kulala na kulipwa. Ikiwa hali yako iko karibu na hiyo, anza na usingizi, mengine yasubiri. Lakini fedha nayo haimhakikishii mtu anafaidi. Jordi Quoidbach na wenzake mwaka 2010 walikuta kwamba watu wenye kipato kikubwa walisema wana uwezo mdogo wa kufaidi mambo mazuri, na kwamba hata kuonyeshwa tu picha ya noti kabla ya kula kipande cha chokoleti kuliwafanya watu wakimalize haraka na kwa raha ndogo. Pochi yako nyepesi ni tatizo kwenye kodi na nauli. Kwenye haya tunayozungumza si kizuizi.

Jambo moja nitalisema wazi. Kama mambo uliyoyapenda tangu zamani, hata yale ya nyumbani, hayakuamshi tena, na hali hiyo imekaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na usingizi au hamu ya kula vimebadilika, huo si uchovu wa mji. Nenda kamwone daktari au mshauri nasaha. Barua yako haisomeki hivyo, kwa sababu bado unakasirika na bado unauliza, lakini sikuoni uso.

Umebakiwa na miezi 17. Wengi huiona namba hiyo kama kifungo au kama akiba isiyoisha, na zote mbili zinakuzuia. Jaime Kurtz mwaka 2008 aliwagawa wanafunzi waliokuwa wanakaribia kuhitimu: wengine waliandika kuhusu chuo wakikumbushwa kwamba muda uliobaki ni mfupi, wengine wakikumbushwa kwamba bado ni mrefu. Baada ya wiki mbili, walioona mwisho uko karibu walikuwa na furaha zaidi na walishiriki zaidi mambo ya chuo. Sikuambii uhesabu siku kwa huzuni. Jioni moja tembea mtaa wako kama mtu anayehama mwezi ujao. Utajua haraka ni kona gani ungeikumbuka, na hiyo ndiyo ya kuanza kuitembelea.

La mwisho linahusu wale wanaokupigia simu na kukwambia una bahati. Shelly Gable na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba kumsimulia mtu jambo jema lililokupata kunaongeza furaha ya siku hiyo juu ya ile iliyoletwa na jambo lenyewe, hasa msikilizaji anapopokea kwa shauku. Kwa sasa nadhani unawajibu kwamba uko salama na kazi inakwenda, kisha mnaagana. Wakipiga tena, wape kitu kimoja kidogo chenye umbo: mzee na gazeti lake, mlinzi aliyeanza kukuita kwa jina. Mpe yule anayependa kuuliza "ehe, halafu?" Wa aina hiyo huwa hakosekani katika ukoo, mara nyingi ni shangazi au mdogo wa mwisho. Na kama saa zenu hazilingani na amelala, mrekodie sauti.